Mapokezi Si Chumba cha Daktari

Roboti ilikuwa imepita kona nne bila kosa. Kwenye ya tano haikukata. Ilinyoosha moja kwa moja hadi mguu wa meza ya waamuzi, ikagonga, ikaendelea kusukuma huku magurudumu yakisaga sakafu. Vijana walioiunda, wote wa kidato cha nne, wakaikimbilia na kuilaza chali. Haikuchukua muda, mmoja wao akainua waya mwembamba wa kijani uliokuwa umechomoka kwenye kihisi cha mbele. Ukumbi mzima ukapumua. Kumbe ni waya tu! Waamuzi wakawapa pole na nafasi ya kurudia.

Sisi tuliokaa safu ya nyuma hatukuridhika. Waya huchomoka, na utaendelea kuchomoka. Tulichotaka kujua ni kwa nini roboti iliyopofuka iliendelea kutembea kama inayoona. Tukaomba kuoneshwa programu. Jibu lilikuwa juu kabisa ya faili: kigeu kimoja kiitwacho umbali, kimeachwa peupe ili kila sehemu ya programu ikifikie. Kihisi kilipokuwa hai kiliandika humo kwamba mbele kuna mita mbili za uwazi. Kisha kikanyamaza. Namba ikabaki pale pale, na sehemu inayoendesha magurudumu ikawa inaisoma mara kumi kwa sekunde, kila mara ikiambiwa njia nyeupe.

Tunasema bila kuzunguka: vilabu vya roboti vinavyochipuka katika shule na vyuo vyetu vinafundisha mwili wa roboti na kuiacha akili yake ijilee. Vijana wanajua kulehemu, kukata plastiki, kuchagua betri. Wakifika kwenye msimbo wanaambiwa wanakili huu hapa, utafanya kazi. Na kweli unafanya kazi, hadi siku kihisi cha pili kinapoongezwa. Kuanzia kihisi hicho cha pili, tunataka kila mwanafunzi afundishwe kutenganisha kupokea taarifa na kuifikiria, na kuipa kila taarifa mwenyewe anayewajibika nayo. Na mashindano yalipime hilo kwa alama.

(Tunaandika kihisi kwa makusudi. Wapo wanaosema sensa, lakini sensa kwetu ni ile ya watu na makazi, na roboti haimhesabu mtu.)

Tuanze na kupokea. Kuna njia mbili za kujua kama suruali yako iko tayari kwa fundi cherehani. Ya kwanza ni kwenda kila siku kuuliza. Ya pili ni kumwachia namba ya simu: ikiwa tayari, nipigie. Programu za roboti hutumia zaidi njia ya pili. Unaandika funksheni, unaikabidhi kwa mfumo, unasema ujumbe wa kihisi hiki ukifika, iite hii. Funksheni hiyo ndiyo wenyewe huiita kolibaki. Wewe huiiti kamwe. Inaitwa na mfumo, wakati usioujua, mara usizozijua.

Mfumo maarufu zaidi wa kazi hii ni ROS (Robot Operating System), uliokulia California, kwanza Chuo Kikuu cha Stanford na kisha, kuanzia 2007, katika maabara ya Willow Garage. Jina linadai kwamba ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, lakini sivyo. Ni utaratibu wa kugawa programu ya roboti katika nodi ndogo ndogo zinazopelekeana jumbe kupitia mada zenye majina. Nodi ya laida, kihisi kinachopima umbali kwa mwanga, inatangaza vipimo kwenye mada yake. Yeyote anayevitaka anajiandikisha na kuacha kolibaki. Ni mpango mzuri. Lakini mpango huu unamruhusu mwanafunzi kufanya kosa moja kubwa bila kuonywa na yeyote: kuiweka kazi yote ndani ya kolibaki.

Fikiria zahanati. Dirishani yuko karani wa mapokezi. Kazi yake ni kuandika jina na saa, kuweka kadi kwenye trei, kumwita anayefuata. Siku akiamua kumpima mgonjwa wa kwanza pale pale dirishani, akamchukua damu, akamwandikia dawa, akamshauri kuhusu chumvi, foleni itafika getini. Wala hakuna atakayeweza kumwambia kwamba nje yuko mama anayejifungua, kwa sababu wa kuambiwa ndiye aliyeshika sindano.

Tuweke namba. Kamera ya kawaida hutoa picha 30 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 33. Mwanafunzi anaandika kolibaki inayomtafuta mtu ndani ya picha, na kazi hiyo inachukua milisekunde 100. Kwa hiyo zinaingia picha 30 na kuhudumiwa 10. Katika toleo la kwanza la ROS, anayetumia Python asipotaja urefu wa foleni, foleni haina mwisho. Baada ya dakika moja zimeingia picha 1,800, zimehudumiwa 600. Picha ya 600 ilipigwa sekunde ya 20. Roboti iko kwenye sekunde ya 60 na inaangalia dunia ya sekunde 40 zilizopita. Mtu aliyesimama mbele yake sasa hivi, kwake bado hajazaliwa. Toleo la pili angalau linakulazimisha utaje foleni yako itakavyokuwa. Ukitaja kumi kwa mazoea, picha unayoishughulikia itakuwa na umri wa karibu theluthi moja ya sekunde, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Hapa ndipo mfano wa zahanati unapokatika, nasi hatutaulazimisha. Kwenye zahanati aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Kwenye roboti inayotembea, karibu kila mara unamtaka aliyefika mwisho, na waliotangulia warudi nyumbani bila kuaga. Kolibaki njema ya kihisi cha umbali ina mistari mitatu au minne: chukua ujumbe, andika saa yake, weka mahali pake, ondoka. Kufikiri kunafanywa na sehemu nyingine, inayoamshwa na kipima muda kwa mwendo wake yenyewe, tuseme mara kumi kwa sekunde, ikichukua taarifa ya mwisho iliyopo kwenye trei.

Kuhusu trei yenyewe, ndipo klasi inapoingia. Klasi si ufahari wa wasomi wa kompyuta. Zilitoka Norway, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, watu waliotaka kuigiza mambo ya dunia kwenye kompyuta, foleni zikiwemo. Wazo lake halina uchawi: taarifa na kazi zinazoihusu vikae nyumba moja, na wa nje apite mlangoni. Kigeu cha wazi kilichoachwa juu ya faili ni kama sufuria iliyoachwa barazani. Kila apitaye anatia chumvi, na chakula kikiharibika hakuna aliyeharibu.

Turudi kwa vijana wetu wa kona ya tano. Tuseme wangekuwa na klasi ndogo iitwayo KihisiMbele. Ndani yake kuna kipimo cha mwisho, saa kilipopokelewa, na muda wa juu ambao kipimo kinaweza kuaminiwa. Kuna funksheni ya kupokea, ndiyo kolibaki. Na kuna funksheni ya kuuliza, ambayo ndiyo pekee sehemu ya magurudumu inaruhusiwa kuigusa. Magurudumu yakiuliza mbele kuna nini, KihisiMbele haitoi namba tu. Inatazama saa. Kipimo kikiwa cha milisekunde 50 zilizopita, inakitoa. Kikiwa cha sekunde nzima iliyopita, inajibu neno moja: sijui.

Hilo neno sijui ndilo lililokosekana ukumbini siku ile. Ni neno ambalo namba haiwezi kulisema. Kigeu kilichoandikwa 2.0 kitasema 2.0 leo, kesho, na baada ya kihisi kung'olewa na kutupwa. Na kolibaki nayo haiwezi kukuokoa hapa, kwa sababu rahisi ambayo wengi huisahau: ujumbe usipofika, kolibaki haiitwi. Haina namna ya kupiga kelele kuhusu ukimya. Fundi cherehani aliyefunga duka na kurudi kwao hatakupigia kukwambia kwamba hatakupigia. Lazima awepo wa kutazama saa, na huyo hawezi kuwa yule anayesubiri kuamshwa na ujumbe.

Wapo watakaosema kihisi kilichokufa ni jambo la nadra. Basi tuzungumzie vihisi vizima vinavyodanganya. Laida ndogo ya LDS-01 iliyowekwa kwenye matoleo ya awali ya TurtleBot3, roboti ya kujifunzia inayotumika sana vyuoni, huzunguka mara tano hivi kwa sekunde na kutoa vipimo 360 kwa kila mzunguko. Inapima kuanzia sentimita 12 hadi mita 3.5. Kisichorudisha mwanga, inakiandika sifuri. Mwanafunzi mgeni anaandika programu itafute kipimo kidogo kuliko vyote ili ajue kitu kilicho karibu zaidi. Kipimo kidogo kuliko vyote ni sifuri. Roboti inasimama katikati ya uwanja mtupu na kukataa kwenda, ikiamini imebanwa na ukuta.

Laida nyingine hazitumii sifuri. Hutoa alama ya isiyo namba. Hiyo ni hatari zaidi, maana kwa kanuni za hesabu za kompyuta, ukiuliza kama isiyo namba ni ndogo kuliko nusu mita, jibu ni hapana. Ukiuliza kama ni kubwa, jibu pia ni hapana. Kwa hiyo agizo la kusimama ikiwa umbali ni chini ya nusu mita halitekelezwi, na roboti inakwenda. Kosa moja linasimamisha roboti bure, jingine linaipeleka ukutani, na yote mawili dawa yake ni ile ile: mahali pamoja tu, ndani ya klasi ya laida, panapochuja visivyofaa kabla havijamfikia mtu. Ujumbe wenyewe wa laida katika ROS umebeba kiwango cha chini na cha juu cha kuaminika. Taarifa ya kuchujia imeletwa mlangoni pamoja na mzigo, wengi hawaisomi.

Tuna mfano wa karibu zaidi, wa kihisi ambacho hakuna klabu isiyokuwa nacho: HC-SR04, kile chenye macho mawili ya duara kinachouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Kinatoa mlio usiosikika, kinasubiri mwangwi, unapima muda. Kila mfano wa kunakili unakwambia ugawanye mikrosekunde kwa 58 upate sentimita. Hiyo 58 imetoka wapi? Imetoka kwenye mwendo wa sauti wa karibu mita 345 kwa sekunde, ambao ni mwendo wake katika hewa yenye joto la nyuzi 22 au 23. Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32, sauti inakwenda karibu mita 351. Asubuhi ya nyuzi 10 kule Njombe inakwenda mita 337. Ukuta ulioko mita mbili hasa, msimbo huo huo utauona sentimita 3 karibu zaidi Dar na sentimita 4 mbali zaidi Njombe. Si balaa kwa gari la kuchezea. Lakini tumewahi kuona programu ambayo 58 imeandikwa mahali saba. Aliyekuja kusahihisha alisahihisha sita.

Kwenye kadi ya Arduino kihisi hicho hicho kina mtego wa pili. Funksheni ya kawaida ya kusubiri mwangwi, usipoipa kikomo, inasubiri hadi sekunde nzima. Mwangwi kutoka mita nne huchukua chini ya milisekunde 25 kwenda na kurudi. Sekunde nzima ni umilele. Waya ukichomoka, kila kitu kinasimama kuusubiri mwangwi usiokuja, isipokuwa magurudumu, ambayo yanaendelea na agizo la mwisho yalilopewa. Huyo ni karani aliyeshika simu ya mgonjwa mmoja huku wengine wakipiga na kukuta laini ina shughuli.

Tunajua watakaotuuliza kuhusu nyuzi. Nyuzi za kompyuta ni mikono ya ziada: kazi mbili kwenda kwa wakati mmoja ndani ya programu moja. Katika ROS ya kwanza kwa upande wa Python, kolibaki za mada tofauti zilikuwa zikiendeshwa kwenye nyuzi tofauti, mwanafunzi ajue asijue. ROS 2, usipoiagiza vinginevyo, inaziendesha zote kwa uzi mmoja, moja baada ya nyingine. Wanaohama wanashtuka kuona roboti imekuwa nzito, wanalaumu toleo jipya. Toleo jipya limefichua tu karani aliyekuwa akitibu. Na wanaokwenda upande wa pili, kuongeza nyuzi ili mambo yaende kasi, wanakutana na ugonjwa mwingine: kolibaki imeandika umbali mpya lakini haijaandika saa mpya, na katika ufa huo mwembamba magurudumu yanasoma umbali wa sasa na saa ya zamani. Dawa ni kufuli: anayeandika afunge, aandike vyote, afungue, na anayesoma afanye vivyo hivyo.

Kufuli nalo lina adabu zake. Chombo cha Mars Pathfinder cha NASA kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ndani yake kulikuwa na kazi nyingi zenye vyeo tofauti. Kazi ya cheo cha juu ilisimamia njia ambayo taarifa zote zilipita. Kazi ya cheo cha chini ilikusanya vipimo vya hali ya hewa, na ili kuvipeleka ilichukua kufuli la njia ile. Ikitokea imeshika kufuli, kazi ya mawasiliano yenye cheo cha kati iliikatiza na kuendelea na mambo yake marefu. Mkubwa akawa anasubiri kufuli lililoshikwa na mdogo, na mdogo amezuiwa na wa kati asiyehusika na kufuli hata kidogo. Saa ya ulinzi ilipoona kazi kuu haijakamilika kwa wakati, ikafanya ilichofundishwa: ikawasha mfumo upya.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko California waliirudia hitilafu hiyo kwenye nakala waliyobaki nayo duniani, wakaona kilichotokea. Mfumo waliotumia, VxWorks, ulikuwa na swichi inayomfanya aliyeshika kufuli akopeshwe cheo cha anayelisubiri, hadi aliachie. Swichi ilikuwa imezimwa. Wakaiwasha kutoka duniani.

Tunalisimulia hili kwa sababu wa chini kabisa katika kisa hiki ni kihisi cha hali ya hewa, kitu ambacho hakuna aliyekihofia. Kufuli halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutojua nani anaweza kulishika, kwa muda gani, na nani atamkatiza akiwa amelishika. Mwanafunzi wa roboti ndogo hahitaji kuijua VxWorks. Anahitaji kuona kwamba kufuli linalofungwa kwa mstari mmoja wa kuandika haliumizi mtu, na kwamba kufuli linalofungwa wakati kolibaki inatafuta mtu ndani ya picha ni foleni hadi getini kwa jina jingine. Klasi inasaidia kwa kuwa kufuli linakaa ndani yake. Hakuna wa nje anayeweza kusahau kulifungua, maana hajui hata kama lipo.

Lakini nyumba yenye mlango mmoja huficha pia yaliyo mabovu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na ndani ya sekunde 40 hivi ikavunjika angani. Kifaa cha kupima mwelekeo na mwendo wake kilikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Humo kulikuwa na sehemu iliyokuwa na maana kabla ya kuruka tu, lakini iliachwa iendelee baada ya kuruka. Ariane 5 ilishika kasi ya mlalo kubwa kuliko mtangulizi wake. Namba ya biti 64 ikabanwa kwenye nafasi ya biti 16 isiyozidi 32,767, ikafurika. Kifaa kikuu na cha akiba, vyote vikiwa na programu ile ile, vikazimika kwa sababu ile ile. Kisha, na hapa ndipo tunataka msomaji asimame, kifaa kilichokufa kilituma taarifa ya hitilafu yake, na kompyuta kuu ikaisoma kana kwamba ni vipimo vya safari. Ikageuza midomo ya injini kurekebisha upotofu ambao haukuwepo.

Waliorithi programu hiyo walirithi pia dhana yake kuhusu kasi, na dhana hiyo haikuwa imeandikwa mlangoni. Ndiyo maana hatumwambii mtu yeyote kwamba neno klasi likionekana kwenye faili basi roboti imepona. Tumeona pia ugonjwa wa upande huo: kihisi kinarithi kwa kihisi dhahania, kinachorithi kwa kifaa dhahania, kinachorithi kwa kitu, na ukitaka kujua sentimita zinapatikana wapi unafungua faili tisa. Mwenye kuandika hivyo hajalielewa somo zaidi ya yule wa vigeu vya peupe. Klasi moja kwa kihisi kimoja, mlango wa kupokea, mlango wa kuuliza, na jibu la sijui. Kwa roboti ya shule hiyo inatosha.

Walimu wana hoja yao, nasi tumeisikia. Mtoto anataka kuona gurudumu linazunguka siku ya kwanza. Ukimwanzishia klasi, utampoteza. Tunakubali kuhusu siku ya kwanza. Mistari ishirini, kihisi kimoja, kigeu kimoja peupe: na iwe, afurahi. Hatukubali kwamba siku ya kwanza iendelee miaka mitatu. Na hoja ya kwamba mambo haya ni ya shule zenye pesa tunaipinga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ukweli ni kinyume chake.

Shule yenye roboti kumi inaweza kumudu msimbo mbovu. Ikigonga, inachukua nyingine. Shule yenye roboti moja na wanafunzi 40 haiwezi. Msimbo ambao kufikiri kwake kumeshonwa ndani ya kolibaki haujaribiki bila roboti yenyewe, betri ikiwa imejaa, sakafuni. Kwa hiyo wanafunzi 39 wanasubiri. Kufikiri kukikaa kwenye klasi yake, unaweza kuilisha namba kwa mkono: mita mbili, mita moja, nusu mita, sifuri, kisha ukimya wa sekunde tatu. Inasema nini? Hilo linafanyika kwenye kompyuta yoyote kuukuu, hata kwenye darasa lisilo na waya hata mmoja. ROS ina chombo cha kurekodi jumbe za vihisi na kuzicheza tena baadaye. Roboti ikitembea dakika tano mara moja, darasa zima linaweza kuitumia safari hiyo muhula mzima. Nusu ya faida ya mpangilio tunaoutetea ni hii, na inamfaa zaidi asiye nacho.

Wakati nao ni mzuri. Noetic, toleo la mwisho la ROS ya kwanza, liliacha kuhudumiwa Mei 2025. Walioko kwenye ROS ya zamani watalazimika kuhama wapende wasipende, na katika mafunzo rasmi ya ROS 2 nodi ya kwanza kabisa unayofundishwa imeandikwa kama klasi. Anayehama kwa kunakili vigeu vyake vya peupe na kuvipachika kwenye toleo jipya atakuwa amehamisha nyumba pamoja na takataka zake.

Kwa waandaaji wa mashindano tuna ombi moja tu, nalo halihitaji bajeti. Leo alama zinatolewa kwa kasi, kwa umbo, na kwa maelezo mazuri mbele ya bango. Tengeni alama 20 kati ya 100 kwa jaribio la waya: roboti ikiwa inatembea, mwamuzi achomoe kihisi kimoja anachokitaka mwenyewe. Ikisimama ndani ya nusu sekunde na kusema kwa taa au kwa maandishi ni kihisi gani kimenyamaza, ipate zote. Ikisimama bila kujua kwa nini, ipate nusu. Ikiendelea kwenda, isipate kitu, hata kama ndiyo yenye kasi kuliko zote. Timu zijulishwe mapema, hatutaki kuviziana. Mwaka mmoja wa jaribio hilo utafundisha zaidi ya semina kumi za walimu.

Vijana wa kona ya tano, kwa taarifa yenu, walirudia mchana ule ule. Waya wa kijani ulikuwa umefungwa kwa utepe mweusi mizunguko mitatu, na roboti ikapita kona zote. Walishika nafasi ya pili, wakapigiwa makofi. Programu haikuguswa.